Mtoto wa Dada Yangu Ni Kiziwi, Ametoka Bukavu, na Shule Inasema Hana Akili

SWALI

Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Nakuru.

Mimi ni Mkongo, nimeolewa hapa Kenya na nauza vitenge sokoni. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, dada yangu alivuka kwenda Burundi na watoto wake. Baadaye aliniletea wa pili, kijana wa miaka 12, kwa sababu ni kiziwi na kule kambini hakukuwa na mtu wa kumfundisha. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, akapona, lakini masikio hayakurudi. Bukavu alikuwa anasoma shule ya viziwi, amefika darasa la tano. Hapa nimemsajili kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi, karatasi zake ziko sawa.

Nilimpeleka shule ya serikali yenye kitengo cha viziwi. Walimweka Gredi ya Kwanza, wakasema azoee kwanza ishara za Kenya. Anakaa na watoto wa miaka sita na saba, magoti hayaingii chini ya dawati. Muhula wa kwanza alijitahidi. Wa pili akaanza kulala darasani, akiguswa anarusha mkono. Ametoroka shuleni zaidi ya mara moja, na kila tukimtafuta tunampata stendi, amesimama anaangalia mabasi.

Mwalimu wake si mtu mbaya, ila ana watoto wengi wa umri tofauti katika chumba kimoja. Anasema mtoto anachanganya ishara, na ameniomba nimkataze zile za Kongo nyumbani. Wanafunzi wenzake wamempa jina la ishara, wanaonyesha mtu anayekimbia, yaani mkimbizi. Akiitwa hivyo hageuki. Kwao Bukavu jina lake lilikuwa kidole gumba kinachopita juu ya nyusi, pale alipo na kovu.

Sasa wamempeleka asesmenti. Nilikuwepo. Mpimaji alimwonyesha mambo kwa ishara, mtoto akawa anamkodolea macho tu. Mwishoni akainamisha kichwa. Karatasi ilirudi imeandikwa ana ulemavu wa akili, ahamishiwe darasa la watoto wa hali hiyo. Nimeambiwa nitie sahihi kabla shule haijafungwa. Pia wananidai karo ambayo wazazi wengine hawadaiwi, wanasema ni kwa sababu si raia.

Mwalimu, huyu mtoto Jumamosi hukaa nami kibandani. Juzi mteja alichukua vipande vitatu vya kitenge, kila kimoja shilingi 650, akatoa noti mbili za elfu moja. Nilikuwa naongea na mtu mwingine. Nilipogeuka, kijana alikuwa ameshampa shilingi 50 na anakunja mfuko.

Mume wangu anasema tumtoe shule abaki kibandani, kwamba huko atafaa kuliko kupoteza muda. Nyumbani tunaelewana kwa kidole tu: kula, oga, lala. Watoto wangu wanamwogopa kidogo. Dada yangu akipiga simu ananiuliza mtoto anaendeleaje, nakosa la kusema.

Nitie sahihi? Nimkataze ishara zake? Nifanyeje?

Mama Mdogo, Nakuru

JIBU

Mama, pole kwa mzigo huu, na asante kwa kunieleza kila kitu kwa utulivu. Nitaanza na ile karatasi kwa sababu wamekupa muda mfupi.

Usitie sahihi.

Shilingi 650 mara tatu ni 1,950. Ukitoa hiyo kwenye 2,000 inabaki 50. Hizo ni hesabu mbili, ya kuzidisha na ya kutoa, na kijana wako alizifanya kichwani, kwa pesa za nchi aliyoingia juzijuzi, mteja akiwa amesimama mbele yake. Nimefundisha viziwi huku magharibi mwa Kenya hadi nikastaafu, na nakwambia mtoto wa kuketishwa Gredi ya Kwanza hafanyi hivyo. Lakini barua yako nayo haitoshi kuwa kipimo, ndiyo maana kuna kazi ya kufanya.

Angalia jinsi alivyopimwa. Alipewa maagizo kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, na pengine kwa maneno ya Kiingereza yaliyotahajiwa kwa vidole. Yeye anajua ishara za Kongo na anasoma Kifaransa. Kwa hiyo kilichojulikana siku ile ni kwamba kijana hajui Lugha ya Ishara ya Kenya vizuri, jambo ambalo mngeweza kuwaambia kabla hajaketi. Kuhusu akili yake, siku ile haikujulikana lolote. Kichwa alichokiinamisha mwishoni nakijua. Ni cha mtoto aliyegundua kuwa anaulizwa swali, hajui swali ni lipi, na hana njia ya kusema hajalielewa.

Rudi kwenye kituo cha tathmini cha elimu mlikopimiwa na uombe apimwe upya. Omba kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Eleza kwamba mtoto alifika darasa la tano katika shule ya viziwi Bukavu, kwamba lugha yake ni ishara za Kongo pamoja na Kifaransa cha kuandika, na kwamba hakuna hata moja iliyotumika kumpima. Omba apewe majaribio yasiyotegemea maneno: kupanga vipande vifanane na mchoro, kutafuta umbo linalokosekana kwenye mpangilio, kupanga picha za kisa kwa mfuatano. Vifaa vya namna hiyo vipo kwa ajili ya watoto kama yeye. Omba pia apewe hesabu za kuandika, kwa sababu tarakimu za Bukavu ndizo za Nakuru, na aya fupi ya Kifaransa aisome kisha achore alichokisoma. Na macho yapimwe. Hili husahaulika sana, na kiziwi asiyeona vizuri ubaoni huonekana mzito wa akili bure.

Kabla ya siku hiyo mwombe dada yako akutumie kwa simu picha za madaftari ya zamani au ripoti ya shule, kama kuna chochote walichookoa. Kisha mpigie video mtu aliyekuwa akiongea na kijana kwa ishara: mama yake, ndugu aliyemzoea, hata mwanafunzi mwenzake kama anapatikana. Waache waongee, na wewe urekodi. Mpimaji akiona mikono inavyosimulia, mtoto anauliza, anacheka, anabisha, ataelewa kwamba yule aliyeketi mbele yake akiwa kama gogo alikuwa amefungiwa mlango.

Nitasema na hili kwa sababu nakuheshimu. Uti wa mgongo mara nyingine huacha zaidi ya uziwi. Huweza kugusa mwendo, kumbukumbu, wepesi wa kujifunza. Inawezekana kijana wako ana ugumu fulani unaohitaji msaada wake. Lakini hilo halijulikani mpaka apimwe kwa lugha aliyo nayo. Likionekana wakati huo, mtalishughulikia mkijua ni nini.

Mtu muhimu kuliko wote kwenye tathmini hiyo ni mtu mzima aliye kiziwi. Simaanishi mkalimani peke yake. Namaanisha kiziwi aliyekulia katika ishara, aliyezoea kukutana na viziwi wa mahali pengine. Watu hawa wana ustadi ambao sisi wenye kusikia, hata tuliosomea, hatuufikii. Kiziwi wa Kenya akikutana na kiziwi wa Kongo hawaanzi na kamusi. Wanajaribu ishara hii, haikubali, wanageuza, wanaigiza, wanaonyesha kitu, na baada ya nusu saa wameshajuana wametoka wapi na nani aliwafundisha. Nimekaa pembeni nikitazama mikutano ya namna hiyo, na mara nyingi mtoto niliyeambiwa hana lugha alikuwa na mengi kuliko niliyoweza kuyafuata. Anzia kwenye shule ya viziwi ya Ngala hapo mjini. Hata kama kijana hasomi huko, uliza kama kuna mwalimu au mfanyakazi kiziwi anayeweza kukaa naye mchana mmoja. Uliza pia kuhusu makanisa yenye ibada ya ishara. Jumapili moja hapo itakufikisha kwa watu wengi.

Kijana huyu hata hivyo hayuko mbali na Nakuru kama shule inavyofikiri. Kulikuwa na Mmarekani mweusi aliyeitwa Andrew Foster. Alipoteza kusikia akiwa na miaka 11, kwa uti wa mgongo, ugonjwa uleule uliompata mtoto wenu. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, wakati ambapo huko kwao watoto weusi viziwi walitengwa katika shule zao. Mwaka 1957 akaja Ghana kufungua shule ya viziwi, na hakuishia hapo. Alifungua zaidi ya shule 30 katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo, na akafundisha walimu Waafrika waziendeleze. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Ishara alizokuja nazo zilikuwa za Marekani, na katika nchi za Kifaransa zikafunganishwa na Kifaransa. Ndiyo maana mtoto wa Bukavu huenda akatahajia kwa mkono mmoja kama wanavyotahajia watoto wa Kenya, kwa herufi zinazokaribia kuwa zilezile, huku midomo yake ikifuata neno la Kifaransa na baadhi ya ishara zikibeba herufi ya kwanza ya neno hilo. Lugha ya Ishara ya Kenya nayo, pamoja na kuwa ni yetu wenyewe, imepokea mengi kutoka kwa ishara za Marekani. Mwalimu anayesema mtoto anachanganya anaona kweli kitu, lakini anachokiona ni mtoto anayetafuta ishara gani kati ya alizo nazo itaeleweka. Hiyo ni juhudi ya kujifunza.

Kwa hiyo, swali lako la pili: usimkataze hata ishara moja.

Sisi wa huku tunapaswa kulijua hili. Shule za kwanza za viziwi za magharibi, Mumias na Nyang'oma kule Bondo, zilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati ule walimu waliamini mtoto kiziwi lazima asome midomo na atamke, na mikono ilikatazwa darasani. Watoto wakaongea kwa ishara bwenini, uwanjani, kwenye foleni ya chakula, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Lugha ikakua hukohuko nyuma ya mgongo wa mwalimu. Leo Kifungu cha 120 cha Katiba ya 2010 kinaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akipigwa rula kwenye vidole enzi zile alikuwa anaongea lugha ya Bunge. Mweleze mwalimu hivyo kwa upole, na umwombe ageuze zoezi: kijana aonyeshe ishara ya Bukavu, darasa limwonyeshe ya Kenya. Wiki chache za mchezo huo zitamfunza zaidi ya muhula mzima wa kukaa kimya.

Atahitaji Lugha ya Ishara ya Kenya, hilo halina mjadala. Ndiyo ya darasani na ya marafiki, na mbele ya safari ataifanyia mtihani, kwa kuwa katika mitihani ya kitaifa watahiniwa viziwi huifanya badala ya Kiswahili. Lakini ataijenga juu ya ile aliyo nayo. Vivyo hivyo Kiingereza. Mwambie mwalimu amwandikie maneno haya: table, animal, fruit, orange, train, page, question, important. Yote yako katika Kifaransa, herufi kwa herufi, na mengi yana maana ileile au inayokaribiana. Mtoto wa darasa la tano aliyesomea Bukavu atayatambua papo hapo, na kwa yeye asiyesikia, tofauti ya matamshi si kikwazo. Mwalimu akiona anavyoyapokea hatamrudisha kwenye a, e, i, o, u.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo limenikalia moyoni tangu niliposoma barua yako. Unasema akitoroka mnampata stendi akiangalia mabasi.

Mama, kuna mtu aliyewahi kumweleza kwa nini aliondoka Bukavu?

Mtoto anayesikia, hata akiwa mdogo, vita vinamfikia kwa masikio kabla ya kumfikia kwa macho. Anasikia wakubwa wakinong'ona, redio, milio ya mbali. Anauliza, anajibiwa hata kama ni kwa uongo. Mtoto kiziwi anaona tu kwamba asubuhi moja watu wanafunga vitu. Anashikwa mkono, anavutwa. Anaona nyuso zimebadilika. Wanalala mahali pasipo pao. Halafu siku moja anapandishwa basi, mama yake habaki naye, na anashukia kwa mama mdogo ambaye anamwonyesha kula, oga, lala. Kama hakuna aliyemweleza, basi kwa upande wake haya yote bado hayana sababu. Huenda anafikiri mama yake amemwacha kwa kosa alilofanya. Huenda anafikiri ukipanda lile basi ulilokuja nalo, unarudi nyumbani. Katika miaka ya kazi yangu nimewaona watoto viziwi waliokimbia makwao, na nilichokikuta tena na tena ni kwamba hakuna aliyewasimulia habari yao wenyewe. Watu wazima wanadhani amejionea, hahitaji kuelezwa.

Msimulieni. Mpigie dada yako video, na mpange kabla mtakachosema. Kama dada yako anajua ishara zake, aseme yeye. Chukua karatasi kubwa, chora ziwa Kivu, chora Bukavu, chora mpaka, Bujumbura, kisha njia mpaka Nakuru. Bandika picha ya kila mtu mahali alipo sasa. Mwonyeshe wenye bunduki walioingia, aone kwamba ndio waliowatoa, na si yeye. Mwonyeshe mama yake yuko wapi, anakula, analala, anamkumbuka. Usimwahidi tarehe ya kuonana ambayo huna uhakika nayo. Akilia, kaa naye. Akiuliza jambo lilelile siku kumi, mjibu siku kumi. Kisha simu ya video na mama yake iwe na siku yake ya wiki, aijue na aihesabu kwenye kalenda. Sitashangaa kama huko kulala darasani na kurusha mkono kutapungua kabla hata ya tathmini mpya.

Hapo ndipo ninyi wa nyumbani mnapoingia. Kidole cha kula, oga, lala hakitoshi kwa mtoto wa miaka 12. Jifunzeni ishara wote, na mwalimu wenu wa kwanza awe yeye. Kila jioni mezani kila mtu amwonyeshe kitu kimoja, yeye atoe ishara, nyote muirudie. Watoto wako wanamwogopa kwa sababu hawajui kusema naye. Watoto hujifunza ishara kwa kasi ambayo wewe na mimi hatuiwezi tena, na wakishapata ishara ya mpira, ya simu na ya kubishana, woga utaisha. Mkimgusa begani kabla ya kuongea naye, mkikaa mahali penye mwanga anapoona nyuso zenu, na mkimweleza kwa nini mnacheka mnapocheka, mtakuwa mmemrudishia sehemu kubwa ya alichokipoteza.

Kuhusu lile jina la mkimbiaji: usilipuuze. Kwa viziwi jina la ishara ndilo mtu mwenyewe. Anapewa na viziwi wenzake wanaomjua, na hulibeba maisha yote. Kijana huyu ana jina lake, alilipata Bukavu, limekaa kwenye nyusi yake. Kumwita kwa ishara ya kukimbia ni kumvua jina na kumvisha siku mbaya kuliko zote maishani mwake. Kutogeuka kwake ni sawa kabisa, na namheshimu kwa hilo. Mwombe mwalimu wa darasa, si kwa njia ya malalamiko, ampe dakika kumi mbele ya wenzake: ramani ukutani, aonyeshe alikotoka, aonyeshe jina lake, na kila mtoto alirudie kwa kidole gumba chake. Yeye naye aonyeshwe la kila mmoja. Mwalimu akianza kulitumia, watoto watafuata. Atakayeendelea na lile lingine arekebishwe kama anayetukana, kwa sababu ni tusi.

Karo sasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaruhusu shule ya umma kumtoza karo asiye raia, kwa hiyo mwalimu mkuu hajalizua kichwani. Lakini mtoto wako ni mkimbizi aliyesajiliwa, na Kenya iko ndani ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kifungu chake cha 22 kinataka mkimbizi katika elimu ya msingi atendewe sawa na mwananchi. Katiba nayo, Kifungu cha 53, inaposema juu ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, inasema ni haki ya kila mtoto. Haijasema kila mtoto Mkenya. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara na ya kupata elimu katika taasisi zilizounganishwa na jamii. Nenda na nakala ya karatasi zake za ukimbizi, omba hesabu ya wanachokudai kwa maandishi, na upeleke maandishi hayo kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi na kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Fanya hivyo bila ugomvi. Bado unamhitaji mwalimu mkuu huyo, na ukienda naye vizuri atakuwa upande wako siku ya tathmini.

Mume wako simlaumu. Ameona mtoto anang'aa kibandani na kuzimika shuleni, akachagua palipo na nuru. Mwonyeshe hesabu ya 1,950 kama nilivyokuonyesha wewe. Aliyeweza hiyo akiwa hajafundishwa na mtu yeyote tangu aingie Kenya anaweza kufika mbali akifundishwa. Jumamosi abaki nawe, inampa heshima yake. Siku nyingine ni za shule, na hata sheria inasema hivyo.

Kama baada ya haya yote kitengo hicho hakitaki kubadilika, kama bado anakaa na watoto wa miaka sita na jina halijarudi, hapo fikiria shule kamili ya viziwi, ambako atakuwa na vijana wa umri wake wanaoongea kwa mikono asubuhi hadi usiku. Ngala iko karibu nawe, na iliyo karibu ni bora kwake. Za bweni za huku kwetu ni nzuri kwa watoto wengi, lakini huyu ametenganishwa na mama yake juzi. Nisingemtenganisha na wewe mapema hivi bila sababu kubwa.

Jumatatu anza na barua ya kituo cha tathmini. Jioni yake, ramani. Ukishampata yule mtu mzima kiziwi na akakaa na kijana, niandikie uniambie waliongea nini na kijana anasoma Kifaransa kwa kiwango gani, nami nitakuandalia kazi ambazo mwalimu wake anaweza kumpa kuanzia Gredi ya Nne.